Bei ya Kila Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kapiga simu tukiwa mezani. Nikaweka spika ili Mama naye asikie. Anakuja tarehe 16, yeye na wifi, watalala usiku mmoja. Na ametuma pesa! Si za matumizi — za kupaka rangi makabati ya jikoni. Anataka Mama apikie mahali pazuri, si mahali panapofanana na gereji. Masharti mawili: rangi iwe nyeupe, na kazi aifanye mtaalamu mwenye mashine ya kupuliza, siyo mtu wa brashi na ngazi ya kuazima.

Mama akauliza makabati yana nini. Kaka hakusikia, au alisikia akapitiliza. Mimi nilisikia, nikacheka. Yana nini! Yana rangi ya chai iliyolala. Yalipakwa mara ya mwisho Baba akiwa hai, kwa brashi, na unywele wa brashi bado umo, umegandia humohumo. Halafu yale matone ya nta chini ya vishikio. Kila nikiyakwangua, wiki haiishi yamerudi. Mama na mishumaa yake. Umeme ukikatika yeye ndiye wa kwanza kuwasha, ukirudi ndiye wa mwisho kuzima.

Nimefurahi, nisijidanganye. Kazini kwa dobi nashinda natazama nguo za watu zinavyotoka safi, jioni narudi kwenye jiko lile.

Mama hakumaliza chakula. Anasema ameshiba.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa rangi amekuja. Shati limenyooka (pasi ya nyumbani, kola imesahauliwa), futi ya kupimia kiunoni. Kila anachosema kinaishia "itakuwa kioo." Nimeshampa jina: Fundi Kioo.

Kumbe hapimi ukubwa wa jiko, anahesabu milango. Milango kumi na minne, na droo nne kwa nusu bei. Mlango mmoja kwake ni mashati arobaini kwetu, kufua na kupiga pasi. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona pesa za Kaka zinatosha. Bado! Kufungua bawaba, kuna bei. Kuziba kwa puti matundu ya vishikio vya zamani, kwa kuwa wifi amechagua vipya vyembamba, kuna bei. Bandu bandu huisha gogo. Mwisho akainama, akapitisha ukucha chini ya kishikio, akaniletea usoni. Nta. Rangi haishiki juu ya nta, dada. Itabidi aoshe kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kupiga msasa mpaka aione mbao, mlango kwa mlango. Na hiyo nayo ina bei yake.

Mama alikuwa amesimama kizingitini muda wote huo. Akauliza kama vishikio vitakaa palepale. Fundi akamwambia hapana, Mama, tunaweka vya kisasa, vyote sawasawa. Akauliza kama haiwezekani kupaka juu kwa juu bila kukwangua. Fundi akacheka kwa adabu, akasema hapo itakuwa uji, haitakuwa kioo.

Nilidhani anazionea huruma pesa za mwanawe. Nikamwambia Mama, rahisi ni ghali.

Pesa za Kaka hazikutosha. Nimejazia kwa akiba yangu ya kununulia cherehani. Nilibembeleza apunguze, mtu mgumu kama puti yake. Ndipo nikamwambia auache ule mlango mdogo wa pembeni, uliojificha nyuma ya friji. Nani atauona? Amekubali shingo upande. Utadhani nimemwagiza apake uso aache sikio.

Ijumaa, 7 Machi

Milango imeondoka. Kila mmoja kaubandika namba kwa nyuma, kaufunga kwenye blanketi, kapakia. Anakwenda kuipuliza kwake, huku vumbi litaharibu. Makabati yamebaki midomo wazi. Umebaki ule mlango wa nyuma ya friji peke yake, unaning'inia kama jino la mwisho.

Nilijua Mama atanung'unika. Kumbe amechangamka! Amepika maharage huku anaimba. Mkono unaingia rafu hii unatoka na kitunguu, unaingia ile unatoka na chumvi, wala hatazami. Akasema, "Si wangetuachia hivihivi?" Nikacheka tena. Wiki hii nacheka kuliko kawaida.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefanya kazi ya maana. Mama alikwenda kumjulia hali jirani mgonjwa, nami nikalivamia jiko.

Wifi alinitumia picha ya jikoni kwake. Makopo ya plastiki, yote saizi moja, vifuniko vyeupe, yamejipanga kama wanafunzi. Nikaona kama tunapaka, tupake kweli. Nimenunua dazeni. Nimehamisha sukari, chumvi, unga, majani ya chai, mchele, kila kitu. Yale mabati ya Mama ya maziwa ya unga, yenye kutu na nta mpaka kwenye vifuniko (hata kwenye vifuniko!), nimeyatupa yote. Na mpangilio nimeubadilisha: vya chai kwenye kabati la juu ya meza, vya kupikia karibu na jiko, vya kusafishia karibu na sinki. Sukari yake ilikuwa karibu na sinki, sijui kwa akili gani. Kopo moja lilibaki tupu, nikatia ile dawa ya madoa ninayoileta kutoka kazini, nikaiweka pale ilipokuwa sukari. Kila kopo nimeliandika kwa kalamu nene, herufi kubwa. Mtoto wa chekechea angesoma.

Mama karudi. Akatia mkono kwenye rafu, akautoa.

Akauliza makopo yake yako wapi. Nimeyatupa Mama, yalishika kutu. Akauliza gari la taka limeshapita? Limeshapita.

Akaketi na mkoba wake mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Nilitegemea japo ahsante. Niseme ukweli, nimeudhika.

Jumanne, 11 Machi

Milango imerudi! Na ni kioo, hana uongo yule bwana. Nimejiona usoni kwenye mlango wa juu, mpaka kovu langu la paji la uso. Mikono miwili ya praima, ile rangi ya kutangulizia, mitatu ya rangi yenyewe. Hakuna tone, hakuna mchirizi. Ameniachia maagizo mengi kuliko ya mama mzazi: wiki tatu hakuna kusugua, hakuna maji mengi, hakuna kitu cha moto kugusa rangi, maana bado inakomaa, itakunjamana. Nimemlipa iliyobaki. Pochi imekonda, jiko limenenepa.

Mama alipitisha kiganja kwenye milango yote, kuanzia dirishani mpaka kwenye friji, polepole. Moyo wangu ukafurahi. Nikajua sasa ameipenda.

"Laini," alisema. "Yote laini."

Jioni tumekunywa chai ya chumvi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mama naye alicheka, ila alichelewa kuanza.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimetoka kuoga, Mama yuko mezani, kikombe mkononi, anakoroga. Kabla sijafika nikaisikia ile harufu. Naijua, nashinda nayo kila siku, inakamata puani. Dawa ya madoa! Nimekipiga kile kikombe bila kufikiri. Kimevunjika ukutani, chai imemwagika kwenye gauni lake. Kopo liko mezani mbele yake. Maandishi yangu yamemwelekea. DAWA — SUMU.

Nikapiga kelele. "Mama, imeandikwa! Herufi zote hizi!"

"Sikuvaa miwani."

Miwani ilikuwa usoni.

Tulitazamana. Nasema tulitazamana — mimi ndiye niliyekuwa natazama. Macho yake yalikuwa upande wa sauti yangu, chini kidogo ya uso wangu, kwenye shingo. Nikasogea hatua moja kando bila kusema kitu. Yakabaki palepale.

Hakulia. Alinyanyuka, akashika ukingo wa meza, kisha ukuta, akanivuta mpaka kwenye friji. Akachukua kidole changu, akakiingiza chini ya kishikio cha ule mlango mdogo ambao sikuulipia.

"Hesabu."

Manne. Matone manne ya nta, yamepangwa kwa mstari, kila moja limeganda kama kidonge.

Manne ndiyo mishumaa na kiberiti, akasema. Moja lilikuwa sukari. Mawili unga. Matatu chumvi. Mawili na moja pembeni, vyombo vya wageni. Kila mlango ulikuwa na hesabu yake, na kila bati la maziwa. Na mimi kila Jumamosi na kisu changu, nakwangua uchafu wa mishumaa! Nikamuuliza kwa nini hakunizuia. Akasema angenizuia, ningeuliza sababu.

"Wewe ulikuwa unafuta, mimi naandika. Tulikwenda vizuri tu."

Kazini nilipokea nguo za watu sijui vipi. Alikuja bwana mmoja na shati la kahawia, nikamwambia lina doa la chai kifuani kabla hajalikunjua. Ana macho huyu dada, akasema. Nilikwenda chooni nikalia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba ruhusa. Nilitaka twende hospitali leo leo. Kumbe ameshakwenda. Zile Alhamisi za "kikao cha akina mama" ilikuwa kliniki ya macho. Ni presha ya macho. La kushoto limekwisha kabisa, la kulia anaona kama mtu aliyechungulia kwenye bomba, na ndani ya bomba kuna moshi. Kilichoondoka hakirudi, daktari alimwambia, ila kilichobaki kinalindwa kwa ile dawa ya matone ninayoiona kila siku kwenye mkoba wake. Aliniambia ni ya vumbi. Mwaka wa pili huu!

Nilikuwa na methali tayari mdomoni, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikaimeza. Mwenyewe nilitaka kumuumbia upya jiko lake kwa mashine, nina haki gani ya methali.

Nikasema tumwambie Kaka. Akakataa, na nilijua atakataa. Kaka alishasema, na alisema mbele yetu sote siku ya arobaini ya Baba: siku Mama atakaposhindwa kujihudumia, atahamia kwake, nyumba itapangishwa ili ilipie msaidizi. Hakusema kwa ubaya. Kaka si mtu mbaya, ni mtu wa kupanga. Lakini kwake ni ghorofa ya nne, asubuhi wote kazini, Mama atakaa kwenye kochi na mtu wa kulipwa, hajui hata swichi iko wapi.

"Hapa mimi si kipofu," alisema. "Kule nitakuwa."

Nimeandika hilo na nimelisoma mara nyingi. Sasa niandike na la pili, hakuna anayesoma humu. Nyumba ikipangishwa, mimi nakwenda wapi? Nilirudi hapa na sanduku moja na talaka, miaka kumi na moja sasa. Mshahara wa dobi unapanga chumba, tena chumba cha choo cha nje. Kwa hiyo nikisema namfichia Mama siri, namfichia nani hasa? Jana asubuhi nusura anywe sumu, na leo nakubali tufiche. Mtu akinyamaza kwa sababu mbili, ile mbaya hujificha nyuma ya ile nzuri. Kama mlango wa nyuma ya friji.

Naogopa.

Dawa ya madoa nimeirudisha kazini. Yote.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata njia! Imetoka kazini. Sisi kila nguo inayoingia tunaifunga uzi wa alama kwenye kifungo cha ndani, na fundo: fundo moja ni nguo ya haraka, mawili ni ya kesho, matatu ni koti. Vidole vyangu vinasoma mafundo bila kutazama, naongea na mteja huku nasoma. Basi nimeleta uzi mweupe. Mama alitaka mshumaa, maana nta ameizoea. Nikamwambia rangi bado haijakomaa, itakunjamana. Yaani bado naihurumia rangi.

Nimezungusha uzi kwenye mguu wa kila kishikio, kwa ndani, jicho halifiki. Kila kopo uzi shingoni. Kisha tukaanza shule. Mimi natamka, yeye anatafuta. Sukari! Unga! Vikombe vya wageni! Amekosea mwanzoni, akaniambia mwalimu mwenyewe anapiga kelele kama mnada, mwanafunzi atasikiaje. Tumecheka kweli leo, pamoja, kwa wakati mmoja.

Jumamosi, 15 Machi

Mama hajakosea hata mara moja. Amepika chai, amemimina kwa kidole ndani ya ukingo wa kikombe, haikufurika.

Kaka kapiga simu. Wanafika kesho kabla ya chakula cha mchana. Ameuliza Mama anaendeleaje. Nikasema hajambo kabisa. Imetoka laini, mwenyewe nimeshangaa. Itakuwa kioo.

Jumapili, 16 Machi

Naandika mchana huuhuu, jikoni, kwenye meza ya kukatia mboga. Wenyewe wamelala. Niandike kwa mpangilio.

Wamefika salama. Kaka amezunguka jikoni mikono nyuma, anatikisa kichwa kwa furaha. Mama alikuwa ameketi, gauni la kijani, amemtambua kwa kikohozi akamwita kabla hajasalimia. Tumekula vizuri. Baada ya chakula Mama mwenyewe amesimama akafanya chai. Mkono wake umekwenda kwenye mlango wa tatu, kidole kikapinda nyuma ya kishikio, kikasoma, kikafungua. Sukari. Kaka akasema hii ndiyo chai, ile ya hotelini ni maji ya kuoshea vikombe. Mama alitabasamu kuelekea kwenye sauti. Nikajisemea tumevuka.

Wifi akakataa katakata nisioshe vyombo. Mwanamke mzuri, hana neno, akija haketi. Nikaenda kuwatandikia. Niliporudi jiko linang'aa, vyombo vimefutwa, na yeye ameshika mkasi mdogo wa mkoba wake. Akanionyesha kiganja. Nyuzi zangu. Zote. Mafundi siku hizi, wifi yangu, akasema, wamekuachia nyuzi za kiwandani kwenye kila kishikio, na kwenye makopo vilevile, nimekutolea. Akazitupa kwenye ndoo. Na makopo ameyapanga upya, makubwa nyuma, madogo mbele.

Nilimshukuru. Nimemwona yeye na mkasi wake, nikajiona mimi na kisu changu.

Halafu Kaka, anaelekea chumbani, akasema saa kumi Mama apike tena chai, atamrekodi kwa simu jikoni pake papya, awatumie watoto. Mama akasema sawa, mwanangu. Hajui kuhusu nyuzi. Nilitaka kumfuata chumbani kwake, lakini kuta zetu nyembamba na Kaka yuko upande wa pili. Na uzi nimeumaliza, ulioko kwenye ndoo umelowa mafuta.

Basi nimefungua mlango wa nyuma ya friji. Matone manne. Nimetoa mshumaa na kiberiti.

Mlango wa sukari, tone moja. Nilifumba macho, kama mtu anayechomwa sindano. Rangi imetulia, kidogo tu imejikunja pembeni, kama ngozi ya maziwa. Nilichokiona sikukitegemea: nta nyeupe kwenye rangi nyeupe haionekani. Kwenye kahawia ilikuwa uchafu. Hapa lazima ujue iko, ndipo uione. Mlango wa unga, mawili. Nangoja yapoe ndipo niende wa chumvi, na nikingoja naandika.

Nimeandika hapo juu nikasimama, maana Kaka ameingia. Bila viatu, sikumsikia. Amenikuta nimeinama na mshumaa unawaka, mchana, jua lote hili dirishani.

Akauliza umeme umekatika?

Nikasema ndiyo.

Friji inanguruma nyuma yangu. Ameitazama friji. Ametazama mshumaa. Akaja mpaka kwenye mlango wa unga, akainama, akapitisha kidole chini ya kishikio, akakitazama. Halafu amevuta kiti, ameketi mbele yangu. Nami nimerudi kwenye daftari, naandika nisije nikamtazama. Anajua ninaandika tangu shuleni, hajawahi kuuliza nini.

Mlango wa chumba cha Mama umelia. Anakuja. Kiganja chake kinapapasa ukuta wa korido, ile sauti ya karatasi inayoburutwa, nimeizoea hata sikuwa naisikia. Kaka ameinua kichwa. Anaisikia.

"Tangu lini," ameuliza, sauti ya chini, "Mama anatembea hivyo?"

Mshumaa bado unawaka. Milango ya chumvi, ya vikombe na ya majani ya chai bado haijapata tone. Mama amefika kwenye pembe ya korido, ameniita mimi jina, anadhani niko peke yangu, na anauliza sukari ni moja bado?